Lipa Namba ndani ya gemu: ugomvi wetu na wenye maduka ya programu

Hotuba kwa watengenezaji wa gemu za simu, Dodoma

Mbukwenyi! Walimu wetu, wanafunzi wa Ndaki ya Sayansi za Kompyuta na Elimu Angavu, na ninyi mafundi mliopanda basi kutoka Singida, Manyoni na Kondoa, asanteni kwa kuja. Muda ni mchache, tuingie kwenye jambo lenyewe.

Tuangalie kioo cha simu. Mchezaji amefika hatua ya saba, almasi zimemwishia. Kinafunguka kidirisha: "Pata almasi 100. Lipa Sh 2,000 kwenye Lipa Namba hii, kisha andika hapa namba ya muamala." Anayelijua soko letu ataona kwamba aliyebuni kidirisha hicho ana akili. Kijana wa Nkuhungu hana kadi ya benki, pesa yake iko kwenye laini. Ukimwambia aingize kadi umeshampoteza. Lakini kwa gemu iliyoko Google Play, hakuna njia fupi ya kuondolewa dukani kuliko hiyo.

Sera ya malipo ya Google inataka kila bidhaa ya kidijitali inayotumika ndani ya programu iuzwe kwa mfumo wao: almasi, maisha ya ziada, mavazi ya wahusika, hatua zilizofungwa, hata ile huduma ya kuondoa matangazo. Apple wana kanuni namba 3.1.1 inayosema vivyo hivyo. Bidhaa ya kushikika mambo yake ni kinyume. Ukiuza fulana yenye picha ya gemu yako, mfumo wao huruhusiwi kuutumia, na hapo Lipa Namba ni halali kabisa. Wengi hawaijui tofauti hii. Wanaona programu ya kuagiza chakula inapokea pesa ya simu, wanadhani na gemu itapita.

Ugomvi uliotikisa dunia ulianza na kidirisha cha namna hiyo hiyo. Tarehe 13 Agosti 2020, wachezaji wa Fortnite kwenye iPhone na Android walikuta njia mbili za kununua V-Bucks 1,000, yaani pesa ya ndani ya gemu hiyo. Ya kwanza ilipitia dukani, dola 9.99. Ya pili ilikwenda moja kwa moja kwa Epic Games, kampuni yenye gemu hiyo, dola 7.99. Njia hiyo ya pili wakaguzi hawakuwa wameiona. Ilikuwa imelala ndani ya toleo ambalo limekwisha kupitishwa, ikaja kuwashwa kutoka kwenye seva. Siku hiyo hiyo Apple na Google waliitoa gemu madukani, na siku hiyo hiyo Epic ikawashtaki wote wawili huko California.

Kesi ya Apple ilisikilizwa Mei 2021 mbele ya Jaji Yvonne Gonzalez Rogers, hukumu ikatoka 10 Septemba 2021. Katika madai kumi ya Epic, tisa yalianguka. Epic ikaamriwa kuilipa Apple asilimia 30 ya pesa zilizopita kwenye kile kitufe, zaidi ya dola milioni 3.6, kwa sababu mkataba waliousaini waliuvunja wakijua. Dai moja tu lilisimama: Apple haina haki ya kumzuia mtengenezaji asimwambie mteja kwamba kuna mahali pengine pa kununua. Kesi ya Google ilikwenda kwa wazee wa baraza, na tarehe 11 Desemba 2023 wote kwa sauti moja walisema Google imevunja sheria ya ushindani.

Kwa nini mmoja aliponea karibu kila kitu na mwingine akaanguka? Kwa usomaji wetu, Apple ilifunga mlango tangu duka lilipofunguliwa 2008, na kila aliyeingia aliukuta umefungwa. Google ilitangaza kwamba nyumba yake iko wazi, huku ikisaini mikataba ya pembeni na waundaji wa simu na watengenezaji wakubwa wa gemu ili wasifungue maduka ya kushindana nayo. Juu ya hapo, mazungumzo ya wafanyakazi wake yalikuwa yanajifuta baada ya saa 24 wakati kesi inaendelea. Jambo hilo liliwaharibia sana mbele ya baraza.

Sasa naomba masikio yenu, kwa sababu hapa ndipo vijana wengi wanapotea. Utasikia mtu anasema, "Epic alishinda, weka linki yako ya malipo, hawana la kukufanya." Si kweli kwa gemu inayouzwa Tanzania. Amri ile dhidi ya Apple inahusu duka lao la Marekani. Na hata huko haikutekelezwa kirahisi: Januari 2024 Apple iliruhusu linki, lakini ikadai asilimia 27 ya chochote ambacho mteja angenunua nje ndani ya siku 7 tangu abonyeze, tena ikamwekea ukurasa mzima wa kumtahadharisha. Tarehe 30 Aprili 2025 jaji yule yule alisema Apple imekaidi amri yake kwa makusudi. Fortnite ilirudi kwenye duka la Apple la Marekani 20 Mei 2025, karibu miaka mitano tangu itolewe. Umoja wa Ulaya una sheria yake ya masoko ya kidijitali, ambayo ilianza kuwabana wenye maduka Machi 2024, na Aprili 2025 Apple ilitozwa faini ya euro milioni 500 chini yake. Korea Kusini ilipitisha sheria yake 2021, na ya Japani imeanza kazi kikamilifu Desemba 2025. Zote hizo ni za huko. Mchezaji wa Kikuyu au Chang'ombe akifungua gemu yako, linalokubana ni lile sharti ulilolikubali siku ulipofungua akaunti.

Na masharti hayo yana vifungu ambavyo watu wanavipita mbio. Mkataba wa Google Play unafuata sheria ya jimbo la California, na mashauri yake husikilizwa katika mahakama zilizoko wilaya ya Santa Clara. Mkataba wa Apple unaweka ukomo wa kile wanachoweza kudaiwa na wewe: dola 50. Ukiondolewa kwa makosa yao, ukapoteza mapato ya mwaka mzima, karatasi uliyoikubali inasema dola 50. Kwa hiyo tusijidanganye na mifano ya kampuni yenye mabilioni. Sisi ugomvi wetu tunaushindia au kuupotezea kwenye mipangilio ya akaunti, kwenye barua ya rufaa, na kwenye kumbukumbu tulizotunza kabla mambo hayajaharibika.

Kamisheni yenyewe kwanza, maana ndiyo inayolalamikiwa zaidi. Kila mtu anasema asilimia 30. Ukweli ni kwamba karibu hakuna mtu ndani ya ukumbi huu anayepaswa kulipa asilimia 30. Tangu Januari 2021 Apple inamtoza mtengenezaji mdogo asilimia 15, mradi mapato yake ya mwaka uliopita hayakuzidi dola milioni 1. Google tangu Julai 2021 inatoza asilimia 15 kwenye dola milioni 1 ya kwanza ya kila mwaka. Lakini hakuna anayekupa bila kuomba. Apple lazima ujiandikishe kwenye mpango wao wa biashara ndogo. Google lazima uingie kwenye mipangilio, uunde kundi la akaunti hata kama akaunti ni moja, useme kama una akaunti nyingine zinazohusiana nayo, kisha ukubali masharti. Usipofanya hivyo unakatwa 30, na zilizokwisha kukatwa hazirudi. Gemu ikiuza almasi za Sh 2,000 kwa watu 1,000, makusanyo ni Sh 2,000,000. Kwa asilimia 15 duka linachukua 300,000. Kwa asilimia 30 linachukua 600,000. Hiyo laki tatu ya tofauti ni kitufe ambacho hukukibonyeza.

Kuna na tofauti kati ya hao wawili ambayo itawahusu watakaokua. Ukivuka dola milioni 1 katikati ya mwaka, Google hutoza 30 kwenye ile ziada tu. Apple hukuhamishia kiwango cha kawaida kwa mauzo yote yanayofuata mwaka huo.

Lakini asilimia haituumi kama kinavyotuuma kitu kingine. Mkulima wa Kongwa akipeleka mahindi sokoni Kibaigwa analipa ushuru, analipa makuli, analipa na dalali. Analalamika, lakini akiondoka anaondoka na namba ya simu ya mnunuzi, na mwakani wanaweza kukutania shambani. Mtengenezaji wa gemu hamjui mnunuzi wake. Jina, namba na historia ya malipo vinabaki kwa mwenye duka. Siku gemu ikitolewa, wachezaji 5,000 wanapotea pamoja nayo, na huna hata namba ya kuwatumia ujumbe kwamba bado upo. Ndiyo maana kile kidai kimoja ambacho Epic ilishinda mwaka 2021, kinachohusu kusema na mteja, ndicho cha thamani kuliko yote.

Kwa hapa kwetu leo, njia ya halali ya kupokea pesa ya simu ipo, na ina hatua zake. Salio la almasi liwe kwenye seva yako, lisiwe kwenye simu ya mchezaji. Mchezaji awe na akaunti, hata ya jina na neno la siri tu. Jenga tovuti ndogo ambamo ataingia kwa akaunti hiyo hiyo na kulipa kupitia kampuni ya kupokea malipo yenye leseni. Akirudi kwenye gemu, gemu inasoma salio jipya. Apple wanakubali jambo hili kwa gemu zinazochezwa kwenye vifaa vya aina mbalimbali, kwa sharti kwamba bidhaa hizo hizo ziuzwe pia ndani ya programu kwa mfumo wao. Google nao hawakatazi mchezaji kutumia alichokinunua kwingine. Kinachokatazwa ni wewe kumwelekeza huko ukiwa ndani ya gemu: kitufe, linki, picha ya Lipa Namba, hata sentensi isemayo "kwenye tovuti yetu ni nafuu". Nje ya gemu ni ruhusa. Tangazo la Instagram, kundi la WhatsApp, SMS kwa aliyekubali kutumiwa, bango pale Nyerere Square, vyote sawa. Ila ukikusanya namba za simu, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022: jiandikishe kwenye Tume husika na utunze ushahidi wa ridhaa. Na kama gemu yako ni ya watoto, namba za simu achana nazo kabisa.

Hapo kwenye tovuti yako kuna mashimo mawili, na karibu kila mtu huanza kwa kutumbukia. La kwanza ni kumwamini mchezaji aandike mwenyewe namba ya muamala. Namba moja itaandikwa na marafiki watatu, na kuna watakaotengeneza SMS ya uongo. Toa almasi pale tu seva ya kampuni ya malipo inapoiarifu seva yako. La pili: taarifa hiyo ya malipo inaweza kuja mara mbili, mtandao ukisuasua. Kila muamala uwe na namba ya kumbukumbu iliyotolewa na wewe, na kabla ya kuongeza salio seva iangalie kama namba hiyo imeshatumika. Bila kinga hiyo utagawa almasi 200 kwa pesa ya 100, na hutajua mpaka ufanye hesabu za mwisho wa mwezi.

Na lile la kuficha kitufe wakati wa ukaguzi, kisha kukiwasha kutoka kwenye seva? Msifanye. Kanuni 2.3.1 ya Apple inakataza vipengele vilivyofichwa au vilivyolazwa, na kwa Google huo ni udanganyifu, jambo zito kuliko kosa la malipo. Epic ilifanya ikijua kwamba inatafuta kesi. Akaunti yake ya Apple ilifungwa tarehe 28 Agosti 2020. Injini yake ya Unreal, ambayo watu wengine wanaitumia kutengenezea gemu zao, ilinusurika kwa kuwa ilikuwa chini ya kampuni tanzu yenye mkataba wake, na jaji alikataa kuiacha iadhibiwe kwa kosa la mwenzake. Wewe una akaunti moja na gemu zako zote zimo humo.

Hiyo akaunti ndiyo roho ya biashara, tuizungumze kwa urefu. Google Play unajiandikisha kwa dola 25 mara moja tu. Apple ni dola 99 kila mwaka, na ukikosa kulipa, gemu zako zinatoka dukani. Akaunti binafsi ya Google iliyofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023 haiwezi kutoa gemu kwa umma mpaka ifanye jaribio la watu walioalikwa tu (closed testing): watu wasiopungua 12 wajiunge na kubaki humo siku 14 mfululizo. Mwanzoni walikuwa 20, wakapunguzwa Desemba 2024. Linalowakwamisha watu ni neno "mfululizo". Umepata 12 kamili, siku ya tisa wawili wanajitoa kwa sababu bando limeisha au simu imejaa, sharti limevunjika. Chukueni 18. Kila mmoja awe na akaunti yake ya Gmail, afungue ile linki ya kujiunga na kukubali kwanza, ndipo apakue. Waambieni waicheze kweli, waandike walichoona, kwa sababu ukiomba kutoa gemu kwa umma utaulizwa umejifunza nini kwa wajaribu wako na umerekebisha nini. Yale makundi ya kuuziana wajaribu mtandaoni yaacheni. Chuo kikuu chenye mabweni kama haya ya hapa hakikosi watu 18.

Akaunti ya kampuni haidaiwi jaribio hilo, lakini inahitaji namba ya D-U-N-S yenye tarakimu tisa, ile ya kutambulisha kampuni kimataifa, na kuipata kunaweza kuchukua wiki kadhaa. Jina la usajili wa biashara, jina lililoko kwenye namba hiyo na jina la akaunti ya benki yalingane herufi kwa herufi. Kwa akaunti binafsi, jina liwe la kitambulisho cha NIDA, si jina la utani. Jueni pia kwamba mtu binafsi anayeuza chochote kupitia Google Play anwani yake kamili huonyeshwa kwa umma kwenye ukurasa wa gemu. Dada mmoja mmoja hapa anaishi peke yake Area D. Afikirie hilo kabla hajaanza kuuza, na pengine asajili kampuni kwanza.

Kufungiwa kunakoumiza zaidi ni kule kwa "akaunti zinazohusiana". Google haitoi orodha ya alama inazotumia kuunganisha akaunti moja na nyingine. Tunachojua ni kwamba akaunti safi hufungwa kwa sababu imeonekana kuwa ndugu ya iliyokwisha kufungwa. Kwa hiyo: usinunue akaunti ya mtu, usimuuzie mtu yako, usimpe rafiki uongozi wa akaunti kwa sababu tu anajua kupakia faili, na usilipie kwa kadi ya mtu usiyemjua historia. Mkishirikiana laptop moja bwenini, kila mtu awe na wasifu wake wa kuingilia.

Ikitokea barua imekuja, soma kwanza neno walilotumia. Kukataliwa maana yake toleo hilo halikupita, lakini lililoko dukani linabaki. Kuondolewa maana yake gemu haionekani, ila ukirekebisha unaweza kuileta tena kwa jina lile lile la kifurushi, yaani utambulisho wa kipekee wa programu. Kusimamishwa ni kubwa: wachezaji, nyota na takwimu vinapotea, jina la kifurushi halitumiki tena, na kusimamishwa huko kunahesabiwa kama kosa dhidi ya akaunti. Makosa yakirundikana, akaunti hufungwa. Aliyeondolewa akakasirika akapakia gemu ile ile kwa jina jipya huwa amejipandisha ngazi mwenyewe.

Rufaa iandikwe kwa Kiingereza kifupi, na anayeisoma aweze kuthibitisha kila sentensi. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi: "Programu yenye kifurushi hiki, toleo la 14, imeondolewa chini ya sera ya malipo. Ukurasa wa kununua almasi ulionyesha namba ya malipo ya nje. Tumeutoa katika toleo la 15. Bidhaa zote nne sasa zinauzwa kwa mfumo wa Google Play. Tumeambatisha video ya sekunde 40 inayoonyesha ununuzi mwanzo hadi mwisho." Basi. Usiandike kwamba una familia, usiandike kwamba gemu nyingine zinafanya hivyo hivyo, usitume rufaa sita kwa siku moja. Kama kosa si lako, taja kipengele cha sera, kisha onyesha picha ya kioo inayopingana na madai yao. Kwa Apple jibu kwanza pale pale kwenye ujumbe wa mkaguzi, ukishindwa ndipo uende kwenye bodi ya rufaa. Tangu 2020 Apple inakubali pia upinge kanuni yenyewe, na toleo la kurekebisha hitilafu halizuiwi kwa sababu ya mabishano ya kanuni, isipokuwa yale ya kisheria.

Wanaoishi kwa matangazo, neno moja tu. Akaunti ya AdMob, mfumo wa matangazo wa Google, ni mkataba mwingine, na hufungwa kivyake. Usibonyeze tangazo lako mwenyewe, usiwaombe wenzako darasani wabonyeze. Wakati wa kujaribu tumia namba za matangazo ya majaribio. Ukifikisha dola 10 wanatuma namba ya siri kwa barua ya posta, kwa hiyo andika S.L.P. ambayo kweli kuna mtu anaifungua. Malipo huanza ukifikisha dola 100.

Gemu ikiigwa na mtu mwingine, unachohitaji ni tarehe. Historia ya kazi kwenye Git (programu ya kutunza kila badiliko la msimbo), michoro ya awali, risiti za muziki na picha ulizonunua, na usajili wa kazi yako COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Ukiwa na ushahidi huo unajaza fomu ya malalamiko ya hakimiliki ya duka. Mambo yakigeuka, ukalalamikiwa wewe, unaweza kupeleka pingamizi, na chini ya sheria ya Marekani gemu hurudishwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi kama mlalamikaji hajafungua kesi. Ila kwa kusaini pingamizi hilo unakubali kushtakiwa katika mahakama ya Marekani. Kama picha mbili tatu uliziokota mtandaoni, usisaini. Zitoe, zibadilishe, urudi.

Bado kuna wanaogawa faili la APK, lile la kusakinisha programu ya Android, kwa Bluetooth na WhatsApp, na kwenye simu zetu za Tecno na Infinix duka la Palm Store lipo pia. Ni akiba nzuri siku mlango mkubwa ukifungwa, lakini ina fundo moja la kiufundi. Android haikubali kuweka toleo jipya juu ya la zamani kama sahihi ya kidijitali ni tofauti. Ukiwaachia Google watengeneze ufunguo wa kusaini, toleo la Play litakuwa na sahihi ya Google na la nje litakuwa na ya kwako. Mchezaji akitaka kuhama itabidi afute gemu kwanza, na maendeleo yake yaliyokuwa kwenye simu yamekwenda. Kwa hiyo siku ya kwanza unapoweka gemu mpya, chagua kupakia ufunguo wako mwenyewe. Uwe na uhai wa miaka 25 au zaidi. Nakala mbili kwenye flashi mbili, nyumba mbili tofauti, na neno lake la siri limeandikwa kwenye karatasi. Google imetangaza pia, Agosti 2025, kwamba wanaogawa programu nje ya duka nao watatakiwa kujitambulisha, kuanzia Septemba 2026 katika Brazili, Indonesia, Singapuri na Tailandi, kisha kwingine. Tusidhani njia ya pembeni itabaki bila geti.

Upande wa serikali, tunayo Sheria ya Ushindani ya 2003 na Tume ya Ushindani. Afrika Kusini tume yao ilichunguza majukwaa ya mtandaoni, na ripoti ya mwisho ya Julai 2023 iligusa hata maduka ya programu. Kwetu jambo hilo halitaanza kwa mtu mmoja mwenye hasira. Litaanza kwa majedwali: tarehe ya kuondolewa, kipengele kilichotajwa, siku ngapi hadi jibu, mapato ya siku 30 kabla na siku 30 baada. Kila mmoja wenu akitunza jedwali hilo kwa gemu zake, watengenezaji 40 wa kanda ya kati wana hoja inayoweza kuwekwa mezani hapa hapa Dodoma, ambako Bunge na wizara zipo umbali wa daladala moja.

Sasa walio na Play Console, ule ukurasa wa kusimamia akaunti ya Google Play, kwenye simu au laptop, fungueni mipangilio, tafuteni ukurasa wa kundi la akaunti, tuone nani bado yuko kwenye asilimia 30. Tuanze na safu ya mbele.